Vitambaa Juu ya Spika

Mpaka alipofikisha miaka sitini na nne, Mwalimu Demetria hakuwahi kununua kitu cha umeme peke yake. Pasi, friji, televisheni, hata ile feni ya mezani iliyotikisa kichwa mchana kutwa kama mzee anayekataa posa, vyote vilichaguliwa na marehemu mume wake, Adelard. Kazi yake yeye ilikuwa kusema kitu kitakaa wapi, kisha kukifumia kitambaa.

Nyumba yao ya Yombo ilijulikana kwa vitambaa hivyo. Makochi yalikuwa navyo migongoni na mikononi. Televisheni ilikuwa na chake, meza ndogo tatu zilikuwa na vyake, na redio ya zamani isiyoshika tena stesheni yoyote ilikuwa na kirefu kuliko vyote, kwa sababu ilikuwa ya baba mkwe. Kila mwisho wa mwezi Demetria alivifua, akavipitisha kwenye uji mwepesi wa wanga wa muhogo, akavianika uani vikiwa vimenyooshwa, visije vikakunjamana. Wanawake wa jumuiya wakija kusali walikaa wima wasivivuruge. Nyumba ya Adelard, mtunzi wa nyimbo, ilikuwa nyumba ya watu walioenda shule, na mtu aliyeingia alitakiwa alijue hilo kabla hajaambiwa.

Adelard alikuwa karani bandarini kwa miaka thelathini na moja, na mtunzi na mwalimu wa kwaya kwa muda mrefu zaidi ya huo. Nyimbo zake hazikuvuka mipaka ya parokia mbili tatu za Temeke, lakini humo zilimopita ziliimbwa zikaiva. Alikuwa na desturi ya watunzi wengi wa hapa: akimaliza wimbo, kabla ya kuupeleka kwa wanakwaya, anaurekodi nyumbani, kila sauti ikihifadhiwa peke yake, ili wasiojua kusoma nota wajifunze kwa kusikiliza. Sauti ya wanaume aliimba mwenyewe. Sauti ya kwanza, ya wanawake, aliimba Demetria. Walikaa sebuleni, kila mmoja na maikrofoni yake, dirisha limefungwa, feni imezimwa, jasho likiwatiririka, na Adelard akihesabu kwa kidole gotini.

Wimbo wa mwisho waliorekodi hivyo uliitwa "Tumekuja na Mavuno Haba." Miezi minane baadaye Adelard alizikwa. Wimbo ulibaki kwenye kompyuta, sauti mbili tu, bila kinanda, na kwaya haikuwahi kuuimba.

Sasa parokia ilikuwa inakaribia jubilei yake ya miaka hamsini. Filomena, mwenyekiti wa kwaya, mwanamke wa miaka arobaini na kitu aliyefundishwa na Demetria tangu darasa la tatu, alikuja kuomba wimbo huo. Wakati wa matoleo, alisema, utapigwa ule ule wa mwalimu Adelard mwenyewe, sauti yake isikike tena kanisani.

"Tuupeleke studio Sinza, mwalimu," Filomena alisema. "Kuna vijana wanajua. Wanautia kinanda, wanausafisha, siku mbili umekwisha."

"Wanautia na ngoma," Demetria alijibu. "Wanautia na mlio wa honi. Nimesikia wanavyofanya. Jina la mwalimu wako halitapelekwa Sinza likachezewe. Kinanda nitapiga mimi, na kuchanganya nitachanganya mimi. Alinifundisha."

Ilikuwa kweli kwamba alimfundisha. Kuchagua spika tu ndiko hakumfundisha. Zile ndogo za kompyuta zilitoa sauti ya nzi ndani ya kopo, na Adelard mwenyewe aliandika kwenye daftari lake, kwa mwandiko wa karani: *Tafuta spika za studio. Za kweli.* Hakuwahi kuzitafuta. Kwa hiyo Demetria alivaa gauni la kitenge, akaweka wimbo kwenye flashi, akaenda Mwenge.

*

Duka la Mfaume lilikuwa nyuma ya soko la wachonga vinyago, mahali ambapo vumbi la mpingo liliingia hadi mlangoni. Mfaume alikuwa mtu wa makamo, mwenye kofia ya kufuma na tumbo la mtu asiye na haraka. Miaka mingi alikuwa fundi mitambo wa bendi za dansi, mpaka bendi zikaisha na yeye akabaki na mitambo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nataka spika za kutengenezea muziki nyumbani. Si za sherehe."

"Si za sherehe!" Mfaume aliweka chini kikombe cha kahawa. "Leo nimepata mgeni. Wote wanaokuja hapa wanataka besi ya kuwaamsha majirani."

"Majirani zangu wameshaamka. Tangu alfajiri wanapiga singeli."

Mfaume alicheka, akamvutia kiti. Aliichukua flashi, akaichomeka, akauliza kama wimbo uliomo anaujua vizuri. Demetria alisema anaujua. "Hapana, mama, nauliza unaujua mpaka pumzi zake? Maana spika haichaguliwi kwa wimbo wa mtu. Unachagua kwa wimbo ambao hata ukiamshwa usingizini utajua hapa wamekohoa."

"Ninaujua mpaka pumzi zake," Demetria alisema.

Jozi ya kwanza ilikuwa kubwa, yenye duara za kung'aa kama sinia. Sauti ya Adelard ilitoka humo nene, pana, kama anaimba ndani ya kanisa kuu na si sebuleni Yombo. Demetria alifungua mkoba. "Nifungie hizi."

"Subiri kwanza. Hizi zinakusifia." Mfaume alizizima. "Mtu wa kukusifia ni mtamu mkiwa chumbani. Ukitoka nje ndiyo unajua kanzu umevaa kinyume na hakukwambia."

Akawasha jozi nyingine, nyeusi, fupi, zisizo na pambo. "Hizi tunaziita monita. Hazina adabu hata kidogo. Kilichomo ndicho zinachosema."

Mwanzoni Demetria aliona zimepungukiwa. Sauti ilikuwa kavu, karibu mno. Kisha akasikia Adelard anavuta pumzi kabla ya kuanza, na karatasi ya nota inageuzwa, na kuku wa jirani anayelia mbali, nje ya dirisha lililofungwa. Vitu hivyo hakuwahi kuvisikia. Akashika mkoba wake kwa mikono miwili.

*Haba ni yetu,* waliimba wawili, *wingi ni wako.*

Mfaume aliinamisha kichwa. "Hapa kaka ameshuka kidogo."

"Nani ameshuka?"

"Huyu mwanamume. Kwenye 'wingi ni wako.' Amekwenda chini, unywele mmoja hivi."

"Huyo ni mume wangu," Demetria alisema, na mgongo ukanyooka kama yuko mbele ya darasa. "Hakuwahi kushuka maisha yake yote. Kwaya nzima ilichukua sauti kutoka kwake."

"Pole, mama mwalimu. Mie nasema zinavyosema spika."

"Basi nifungie hizo hizo."

Alizinunua ili kumsuta. Mfaume, kwa vile alikuwa mtu mwema au kwa vile alikuwa amezoea, alikwenda kuchukua maboksi. Alizifunga kwenye maboksi yake, akampa namba ya simu na maelekezo: ziwe mbali kidogo na ukuta, usawa wa masikio, zimtazame yeye pande mbili kama watu watatu wanaozungumza. "Na mbele yake pawe wazi. Usiweke kitu."

Demetria aliyasikia maelekezo hayo yote na aliyafuata. Alivuta meza kutoka ukutani. Aliondoa chombo cha maua ya plastiki. Aliondoa hata picha ya harusi ya binti yao Clara, akaipeleka chumbani. Kisha akarudi nyuma hatua mbili kuzitazama. Zilikuwa uchi. Nyuso mbili nyeusi zenye jicho kubwa chini na jicho dogo juu, zimekaa kila upande wa picha ya Adelard kama wageni walioingia bila hodi wakakaa bila kukaribishwa.

Kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda kulikuwa na vitambaa viwili ambavyo havikuwahi kutumika. Alivifuma wodini, siku arobaini na moja, pembeni ya kitanda cha Adelard: uzi mweupe wa pamba, maua ya mbuni kama yale ya shamba la Bukoba walikotoka, na bitana ya satini nyuma ili vining'inie vizuri. Alipovianza alidhani vitakuwa vya meza ya kulia siku mgonjwa akirudi nyumbani. Baadaye hakuona kitu chochote ndani ya nyumba kinachostahili. Sasa alivitoa, akavipitisha kwenye wanga, akavikausha, akazivika spika zile, kimoja huku na kimoja huku, mbele vikishuka mpaka mezani.

Mbele ya spika palikuwa wazi. Kitambaa si kitu. Kitambaa ni heshima ya kitu.

*

Wiki tatu alifanya kazi asubuhi asubuhi, watoto wa mtaa wakiwa shuleni na mitaa imetulia kiasi. Alipiga kinanda mstari kwa mstari, akakosea, akafuta, akapiga tena. Sauti iliyotoka chini ya vitambaa ilikuwa ya upole, ya mbali kidogo, na pale kwenye "wingi ni wako" hakusikia mtu ameshuka popote.

"Umeona?" aliiambia picha. "Yule fundi wa Mwenge amekusingizia."

Kitu kimoja tu kilimsumbua. Maneno hayakutoka wazi. Irabu zilisikika, lakini zile herufi kali za ulimi, kama s na z, zilizama. Kwa hiyo, kwenye kompyuta, aliinua kidogo sauti za juu, zile nyembamba zinazobeba herufi hizo. Siku iliyofuata akaziinua tena. Akamtumia Clara kipande kwa simu, Dodoma, na Clara akajibu upesi kutoka kazini: *Nzuri sana mama.* Clara alisema kila kitu ni kizuri sana. Alisema hivyo kuhusu gauni, kuhusu mboga, kuhusu shinikizo la damu la mama yake. Wanafunzi wake wa zamani nao walisema hivyo, na majirani, na padre. Tangu Adelard aondoke hakuna mtu aliyemwambia Demetria jambo lolote lisilo zuri. Adelard alikuwa mtu wa kuweka kijiko chini na kusema, "Demi, mchuzi hauna chumvi," na wageni wakiwepo. Miaka thelathini na sita alimkasirikia kwa hilo. Sasa alikula mchuzi wake peke yake, na mara nyingine alikuwa hana hakika kama una chumvi au hauna.

Akaziinua sauti za juu mara ya tatu, akafunga kazi.

Jumamosi ya mazoezi, saa kumi, wimbo ulipigwa kanisani kwenye spika kubwa za ukutani. Demetria alikaa benchi la mbele. Wimbo ulianza, na kila herufi kali ikatoka kama filimbi ya trafiki. Kinanda kiligonga kama vijiko kwenye sinia la bati. Mzee mmoja wa sauti ya nne, Mzee Twaza, aliinua mkono kama anayekuna sikio na hakuushusha mpaka mwisho. Halafu wakapiga makofi, yote kwa pamoja, kama darasa.

"Hongera, mwalimu."

"Kazi nzuri sana, mwalimu. Mungu akubariki."

"Spika zenu za kanisani zimechoka," Demetria alisema.

Filomena alitazama ukutani, kisha akatazama chini. "Kweli, mwalimu. Zimechoka."

Alhamisi iliyofuata ratiba ya jubilei iligawiwa kwenye jumuiya, imechapwa vizuri kwenye karatasi ya rangi ya maziwa. Demetria alivaa miwani. Kwenye matoleo paliandikwa wimbo mwingine wa mtunzi mwingine. Aligeuza karatasi, akasoma nyuma, akairudia mbele. Jina la Adelard halikuwepo mahali popote. Wanajumuiya walikuwa wanaimba, naye akaimba nao mpaka mwisho, akanywa soda yake, akaaga kila mtu kwa mkono.

Alipofika nyumbani alimpigia Filomena.

"Ee, mwalimu, shikamoo. Nilikuwa nataka kukupigia. Ni... ni muda tu, mwalimu. Padre amesema misa isiwe ndefu."

Demetria alifundisha watoto miaka thelathini na nane. Aliujua uongo unavyopumua kabla haujatoka. "Sawa, mwanangu," alisema, akakata simu.

Hakulia. Alikaa kwenye kochi, wima, bila kuegemea kitambaa. Wangemwacha tu hivyo, kwa heshima zote. Wangemsalimu, wangempa kiti cha mbele siku ya jubilei, na hakuna hata mmoja angemwambia kwa nini. Na jina la Adelard lingekuwa limefutwa na yeye mwenyewe, kwa mikono yake mwenyewe, bila hata kujua alifuta wapi.

Aliitafuta namba ya Mwenge.

"Bwana Mfaume, umeniuzia spika mbovu."

"Mama mwalimu? Shikamoo. Mbovu zimefanyaje?"

Akamweleza yote, kwa sauti ya mtu anayeandika barua ya malalamiko. Mfaume aliuliza meza iko wapi, ukuta uko wapi, akaambiwa. Akaomba apigiwe picha zinavyokaa, atumiwe. Demetria akapiga picha, akaituma.

Dakika chache zikapita. Kisha ikaja sauti ya Mfaume imerekodiwa, na kabla ya neno lolote kilikuwa kicheko, kirefu, cha tumboni, cha mtu anayejaribu kukizuia na anashindwa.

"Mama mwalimu! Umewavika shela! Mabibi harusi wawili hao wamefunikwa mpaka magotini, unataka waseme nini? Wafunue, mama! Wafunue uso!" Akakohoa. Halafu sauti ikashuka. "Nisamehe kwa kucheka. Vitambaa ni vizuri, kazi ya mikono naijua nikiiona. Lakini spika inapumulia usoni. Wewe ulikuwa huwasikii, ndiyo ukawalazimisha wapige kelele. Ukimaliza kazi, ukizima, wafunike tu, vumbi la Yombo nalijua. Ukiwasha, wafunue."

Demetria aliisikiliza mara mbili. Mara ya kwanza uso ulimwaka. Mara ya pili alisikia kwamba huyu alikuwa mtu wa kwanza, kwa mwaka mzima na zaidi, kumcheka.

*

Asubuhi ya Ijumaa alivivua vitambaa, akavikunja, akaviweka mapajani. Akawasha.

Alichosikia kilimfanya azime haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta mtu. Hicho ndicho alichowapelekea. Hicho ndicho walichokipigia makofi. Alikaa kidogo, akavuta pumzi, akarudisha kila kitu chini, mpaka wimbo ukawa kama ulivyokuwa siku waliyourekodi. Kisha, polepole, akaanza upya.

Alipofika kwenye "wingi ni wako" kinanda kiligombana na sauti. Aliusikia mgongano huo wazi kabisa. Akazima kinanda, akazima sauti yake mwenyewe, akamwacha Adelard peke yake.

*Haba ni yetu, wingi ni wako.*

Alishuka. Mfaume hakumsingizia mtu. Aliimba "haba ni yetu" sawasawa, na alipoanza "wingi" bado alikuwa sawasawa, kisha akaenda chini, unywele mmoja, akabaki huko mpaka mwisho wa mstari. Demetria alirudisha nyuma akasikiliza tena, na tena. Mtu ambaye kwaya ilichukua sauti kwake. Mtu aliyeweza kusema betri ya saa inakaribia kuisha kwa kusikia mlio wake.

Basi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimzima Adelard, akajisikiliza mwenyewe.

Siku zote alikuwa ameziacha sauti zote mbili pamoja, au akisikiliza moja, ilikuwa ya Adelard. Yake hakuona haja. Alijua inavyosikika. Sasa ilitoka kwenye nyuso mbili nyeusi bila pambo, sauti ya mwanamke wa makamo aliyechoka. Aliikumbuka siku hiyo, alikuwa ametoka kusahihisha mitihani, miguu imevimba, na alitaka wamalize akaweke wali. Kwenye "haba ni yetu," neno la mwisho, sauti ile ilianza kuzama. Ilipofika "wingi" ilikuwa imeshazama.

Aliyeshuka kwanza alikuwa yeye.

Akawarudisha wote wawili pamoja, akafumba macho. Alisikia yote. Alijisikia anakwenda chini. Alimsikia Adelard anabaki juu, mahali sahihi, peke yake, kwa muda wa pigo moja. Pigo moja tu. Halafu akashuka, taratibu, bila kishindo, akamkuta alipo, na wakaenda pamoja mpaka mwisho wa mstari, wote wawili wamekosea.

Na alijua. Haiwezekani hakujua. Aliusikiliza wimbo ule baadaye, na visikilizio masikioni, siku nzima, akamwambia umetoka vizuri. Mtu aliyemwambia habari za chumvi mbele ya wageni, hili hakumwambia.

Demetria aliamka akaenda kuchemsha maji ya chai. Yalipochemka akazima jiko, akasahau kuyanywa.

Kompyuta ilikuwa na namna ya kusahihisha. Adelard alimwonyesha: unaichagua noti, unaiinua. Aliiinua yake, kisha akaiinua ya Adelard, akarudisha kinanda, akasikiliza. Ikawa safi kama sahani iliyooshwa. Hakuna ambaye angeweza kusema neno juu ya familia hiyo. Kila mmoja alisimama mahali pake, sawasawa, na hakuna aliyemfuata mwenzake popote.

Alikaa na usafi huo kwa muda mrefu. Nje singeli ilianza, ikanyamaza, umeme wa jirani labda umeisha. Kisha akafuta masahihisho yote mawili. Badala yake alikiondoa kinanda kwenye mstari huo. Kilipiga mpaka "mavuno haba," maneno yanayotangulia, kikanyamaza, kikawaacha wawili hao peke yao washuke kadiri walivyoshuka, na kikarudi polepole kwenye ubeti uliofuata.

*

Filomena alikuja Jumatatu, kwa sababu aliitwa. Alivua viatu mlangoni, akaamkia, akakaa wima, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye spika zisizo na vitambaa.

"Sikuiti unipe pole," Demetria alisema. "Wala hongera sitaki. Nataka usikilize, halafu useme. Ukisema ni nzuri nitajua unanidanganya kama ulivyonidanganya kwenye simu."

"Mwalimu, mie..."

"Sikiliza kwanza."

Wimbo ulipita mwanzo hadi mwisho. Filomena alitazama mikono yake. Ulipoisha aliinua kichwa.

"Niseme, mwalimu?"

"Nimekuita useme."

"Ule wa kwanza ulituumiza masikio. Mzee Twaza alikwenda nyumbani akanywa dawa ya kichwa. Tulikaa kikao. Kila mtu alisema mwenzake ndiye aje akwambie, mpaka tukaona heri tuuache tu." Maneno yalimtoka kwa mkupuo, kama mtoto aliyekiri kuvunja kioo. "Tulikuogopa, mwalimu."

"Na huu?"

"Huu ni mzuri. Si kwamba nakudanganya! Ila... pale kwenye 'wingi ni wako' mmeshuka."

"Nani ameanza?"

Filomena alimeza mate. "Wewe, mwalimu."

"Naam."

"Halafu mwalimu Adelard naye..." Hakumalizia. Alifungua mkoba, akatafuta leso, akaukuta mkoba hauna leso, akajifuta kwa ncha ya kitenge.

Demetria alinyanyuka, akazima spika, akazifunika. Alinyoosha vitambaa kwa viganja, kona kwa kona. "Ratiba imeshachapwa," alisema, bado amempa mgongo.

"Imeshachapwa, mwalimu. Siwezi kuibadilisha, na kwenye matoleo nimeshawaahidi wengine." Filomena alisita. "Kuna ile nusu saa kabla ya misa. Hakuna kitu. Tunaweza kuupiga pale."

"Watu wakiwa wanatafuta viti."

"Ndiyo, mwalimu."

"Wakigombania kivuli cha turubai."

"Na watoto wakilia. Ndiyo, mwalimu."

Mwezi mmoja nyuma Demetria angefungua mlango na kumwonyesha njia. Wimbo wa Adelard si wa kujazia nafasi. Alitazama picha iliyokuwa kati ya mabibi harusi wawili waliofunikwa.

"Upigwe," alisema. "Nitakuja mapema."

*

Siku ya jubilei alitoka nyumbani kabla ya jua kuwa kali, amevaa sare ya kwaya, na kanisa alilikuta karibu tupu. Nje walikuwa wanapanga viti na kufunga turubai kwa kamba, wakibishana kuhusu kigingi. Ndani kulikuwa na Filomena kwenye mitambo, na mama mmoja asiyemfahamu, mwenye ndoo na kitambaa, akifuta mabenchi kutoka nyuma kwenda mbele.

Demetria alikaa upande wa sauti ya kwanza, mahali pake pa siku zote. Upande wa pili, wa wanaume, hapakuwa na mtu. Filomena alimtazama kwa mbali. Demetria akaitikia kwa kichwa.

Adelard alivuta pumzi kwenye spika za ukutani, na karatasi ikageuzwa. Hazikuwa zimechoka hata kidogo, spika za kanisani. Wimbo ulijaa ndani ya kanisa lile tupu, ukagonga ukuta wa nyuma, ukarudi. Watu wawili watatu waliingia wakiongea, wakaweka mikoba kwenye mabenchi kushika nafasi, wakatoka.

Kinanda kilifika "mavuno haba," kikanyamaza.

Mama wa ndoo alikuwa amefika benchi la tatu. Alisimamisha mkono, kitambaa kikiwa bado kwenye mbao, akainua kichwa kama mtu anayesikia jina lake linaitwa mbali. Mstari ulipoisha alingoja kidogo zaidi. Kisha akaendelea kufuta.

"Wanaimba vizuri hawa," alimwambia Demetria alipofika karibu. "Ila hapo kati wameshuka."

"Ndiyo," Demetria alisema. "Tumeshuka." Akainua miguu yake, ili yule mama afute chini.